Kitambulishi: namba ya kuifuata shilingi kutoka kasma hadi mkataba

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Bunge la Tanzania hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia makadirio ya wizara fungu kwa fungu. Fungu 46 ni Wizara ya Elimu, Fungu 49 ni Wizara ya Maji. Chini ya fungu kuna vifungu, na chini ya kifungu kuna kasma, yaani mstari unaosema fedha hii ni ya kazi gani hasa. Mbunge asiyeridhika na maelezo ya waziri hushika shilingi ya mshahara wa waziri huyo; muda ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa gilotini, yaani kwa mkupuo bila mjadala. Shughuli hiyo ikiisha, fedha imepata mambo mawili: ruhusa ya kutumika na namba ya kujulikana.

Miezi kadhaa baadaye fedha hiyohiyo huibuka mahali pengine kwa jina jingine. Taasisi nunuzi inatangaza zabuni ya kuchimba visima, na tangazo hilo lina namba yake ya zabuni. Zabuni ikitunukiwa, mkataba unapewa namba yake. Mkandarasi akileta hati ya madai, idara ya uhasibu inaiingiza katika mfumo wa malipo kwa namba nyingine tena. Mtu wa kijijini anayetaka kujua kisima chake kimefikia wapi anaweza kuipata kila karatasi kati ya hizi nne, na bado asiweze kusema kwa uhakika kwamba zote zinazungumzia shilingi zilezile. Kitabu cha makadirio kinataja mradi wa maji wa mkoa mzima. Tangazo linataja visima vya vijiji vichache. Taarifa ya malipo inataja kampuni na kiasi tu.

Kinachokosekana hapo kina jina katika taaluma ya data, identifier, na Kiswahili hakijakubaliana jina la kukipa. Mimi natumia kitambulishi.

Neno la haraka lingekuwa kitambulisho, lakini kitambulisho tayari ni kadi: ya NIDA, ya mpiga kura, ya kazini. Ni kitu unachokishika na kumwonyesha askari getini. Tunachokihitaji hapa ni alama inayotambulisha kitu ndani ya jedwali, isiyobadilika na isiyogongana na nyingine. Wanasarufi walishatufungulia njia walipounda kiunganishi, kiwakilishi na kiambishi: kitenzi kikavishwa ki- mwanzoni na -i mwishoni, tukapata jina la kitu kwa kazi kinayoifanya. Kitambulishi kinafuata mkondo huohuo. Kazi yake ni kutambulisha, hata kama hakijachapishwa kwenye karatasi yoyote. Namba ya kasma ni kitambulishi, namba ya zabuni ni kitambulishi, namba ya mlipakodi ya mzabuni ni kitambulishi. Tatizo la fedha za umma halijawahi kuwa uhaba wa vitambulishi. Vipo tele, ila kila ofisi ina vyake, na hakuna kinachobebwa kutoka ofisi moja hadi nyingine mbele ya macho ya umma.

Hapa inaingia istilahi pana zaidi, open data standard, yaani ile ya miundo ya data iliyokubaliwa kimataifa kwa ajili ya kutoa habari za namna hii. Imekuwa ikitafsiriwa kwa namna mbalimbali, na nyingi zinayumba. Wengine huita takwimu wazi. Takwimu ni hesabu zilizokwisha kujumlishwa: asilimia ya vijiji vyenye maji, wastani wa bei ya mkataba. Data ni kumbukumbu moja moja kabla ya kujumlishwa: mkataba huu, tarehe hii, kiasi hiki. Ukitoa takwimu bila data umempa msomaji jibu na kumnyima njia ya kulihakiki. Kwa hiyo data ibaki data.

Neno wazi nalo linataka uangalifu. Kiswahili kina maneno mawili pale ambapo lugha nyingi za Ulaya zina moja, na tofauti yake inatufaa sana. Kilicho wazi kinaonekana: mlango uko wazi, mkutano wa wazi, zabuni hufunguliwa hadharani mbele ya wazabuni. Kilicho huria kimeachiliwa kitumike: soko huria, programu huria, Chuo Kikuu Huria. Kitabu cha makadirio kilichoskaniwa na kuwekwa mtandaoni kama picha za kurasa mia nne ni cha wazi. Unaweza kukisoma mpaka macho yaume. Huwezi kukipanga kwa mkoa, kukijumlisha kwa kasma, wala kukilinganisha na orodha ya mikataba bila kukaa chini na kuandika upya mstari kwa mstari. Hakijawa huria. Serikali inaweza kutimiza kila neno la sheria inayodai uwazi na bado isitoe data huria hata safu moja. Ndiyo maana nasema ununuzi uwe wa wazi, na data yake iwe huria. Kila neno libaki na kazi yake.

Limebaki neno la tatu, standard, nalo ndilo gumu. Wengi husema kiwango, kwa sababu shirika linalopima ubora wa saruji na nondo linaitwa Shirika la Viwango. Lakini mwambie kijana yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa maneno kiwango cha data, atafikiri unamuuliza bando lake limebaki megabaiti ngapi. Msomaji akikwama kwenye neno la kwanza hatafika kwenye hoja. Nimechagua muundo sanifu wa data huria. Ni maneno matano, lakini hayapotoshi.

Neno sanifu lina historia ambayo inasaidia kueleza jambo lenyewe. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ilifanya kazi juu ya Kiunguja ili kitabu kilichochapwa mahali pamoja kisomeke shuleni Tabora na Mombasa kwa tahajia moja. Kimvita hakikufa, Kiamu hakikufa. Watu waliendelea kusemezana na kutunga kwa lahaja zao. Ila palipohitajika maandishi yavuke mipaka, palikuwa na umbo la pamoja. Muundo sanifu wa data hufanya vivyo hivyo. Hauiambii hazina itupe mfumo wake wa uhasibu, wala hauiambii mamlaka ya ununuzi ibadili fomu zake. Unasema tu: mnapotoa habari nje, safu hii iiteni hivi, tarehe iandikeni hivi, na namba hii msiiache.

Katika ununuzi wa umma muundo unaotumika zaidi ni Open Contracting Data Standard, unaojulikana kwa kifupi OCDS. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2014. Unaugawa ununuzi katika hatua tano: mpango, zabuni, tuzo, mkataba na utekelezaji. Kila mchakato wa ununuzi hupewa kitambulishi kimoja kinachodumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kinaanza na neno ocds, kikifuatiwa na herufi na tarakimu sita za mtoa data, kisha namba ya mchakato wenyewe. Zabuni ikigawanywa, ikizaa mikataba mitatu, vyote vinabaki chini ya kitambulishi hicho. Na katika hatua ya mpango kuna nafasi iliyotengwa kwa ajili ya bajeti: namba ya mstari wa bajeti, maelezo yake, kiasi, jina la mradi na namba ya mradi. Nafasi hiyo ndogo ndiyo mlango kati ya nyumba mbili. Kwenye data za serikali nyingi, mlango huo hukutwa umefungwa, maana nafasi imeachwa tupu.

Upande wa bajeti kuna Open Fiscal Data Package, uliotengenezwa na Open Knowledge pamoja na mtandao wa GIFT unaoshughulikia uwazi wa fedha za serikali. Huu haulazimishi nchi ibadili kasma zake. Unachodai ni kwamba kila safu ya jedwali ijieleze: hii ni kiasi, hii ni mwaka wa fedha, hii ni awamu, kama ni makadirio, kiasi kilichoidhinishwa au kilichotumika, na hii ni aina ya uainishaji. Uainishaji wenyewe mara nyingi hufuata mwongozo wa takwimu za fedha za serikali wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ule ambao wahasibu wetu huutaja kwa herufi za GFS, au mgawanyo wa kazi za serikali wa Umoja wa Mataifa wenye makundi 10, kuanzia huduma za jumla na ulinzi hadi elimu na hifadhi ya jamii. Wahasibu wengi husema kodi ya GFS. Mimi nasema msimbo, maana kodi ni ya TRA.

Basi miundo ipo miwili, na imekomaa. Kazi iliyobaki inaonekana rahisi: chukua kitambulishi cha kasma, kiandike kwenye kumbukumbu ya ununuzi. Ugumu unaanza ukijaribu.

Kasma moja hulipia mikataba mingi. Kasma ya ukarabati wa majengo inaweza kuzaa mikataba kumi na miwili ya rangi, mabomba na mabati. Hilo si gumu. Kila mkataba unataja kasma moja. Lakini mkataba mmoja nao unaweza kulipwa na kasma nyingi. Kituo cha afya kinajengwa kwa fedha ya ndani, ruzuku ya mfadhili na mapato ya halmashauri, kila moja ikiwa na msimbo wake. Tena mkataba wa barabara wa miaka mitatu unavuka bajeti tatu, na kasma ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa imehamishwa, imegawanywa au imepewa namba nyingine mwaka wa pili. Kiasi nacho hakilingani. Kasma inataja makadirio, tangazo halitaji bei, mkataba unataja bei pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, na malipo hutoka vipandevipande baada ya makato. Mtu akijumlisha safu hizo bila kujua awamu zake atatangaza wizi usiokuwepo, au ataukosa uliopo. Kwa hiyo kumbukumbu ya ununuzi haiwezi kuwa na nafasi moja ya kasma. Inahitaji orodha inayosema kiasi gani kinatoka kasma ipi, mwaka upi, chanzo kipi. OCDS ina nyongeza maalumu kwa mgawanyo huo. Nchi inayotaka kuanza isiiruke kwa kuogopa kazi, kwa sababu kuirudia baadaye ni kazi kubwa zaidi.

Nasisitiza neno baadaye. Kitambulishi kisipowekwa siku fedha inapotengwa na zabuni inapopangwa, hakuna mtu atakayekiweka kwa uaminifu miaka miwili mbele. Wachambuzi hujaribu kuunganisha majedwali kwa kulinganisha maelezo: mradi wa maji wa wilaya fulani hapa, visima vya wilaya hiyohiyo pale, kiasi kinakaribiana, basi huenda ni kitu kimoja. Huenda. Mkaguzi hawezi kuandika hoja kwa huenda, na mwandishi wa habari anayeheshimu kazi yake hawezi kumtaja afisa masuuli kwa huenda.

Nchi iliyonifundisha mengi katika jambo hili ni Paraguay. Huko, kwa kawaida taasisi haianzi zabuni bila hati inayothibitisha kwamba fedha ipo kwenye mstari fulani wa bajeti. Mkataba ukishasainiwa, mamlaka ya ununuzi ya nchi hiyo, DNCP, hutoa msimbo wa mkataba, na bila msimbo huo mfumo wa hazina hauendelei na malipo. Angalia nguvu ya mpangilio huo. Haumwombi afisa awe mwema wala haumtishi kwa semina. Mkandarasi mwenyewe ndiye atakayemsumbua afisa mpaka namba ipatikane, kwa kuwa bila namba hapati fedha yake. Kitambulishi kimefungwa kwenye malipo, na malipo hayasahauliki.

Na raia wakakitumia. Mwaka 2009 Paraguay na Brazil zilikubaliana kwamba fidia ambayo Brazil huilipa kwa umeme wa bwawa la Itaipú iongezwe mara tatu, kutoka dola milioni 120 hivi hadi milioni 360 kwa mwaka. Mwaka 2012 sheria ikaunda mfuko wa FONACIDE, ambao sehemu yake ilielekezwa kwa manispaa na serikali za mikoa kwa ajili ya majengo ya shule na chakula cha wanafunzi. Wizara ya elimu ina orodha ya shule kwa mpangilio wa uhitaji. Ununuzi una orodha ya mikataba. Katika mji wa Ciudad del Este, mpakani na Brazil, shirika la kiraia la ReAcción lilizilaza orodha hizo mbili sambamba na kuuliza swali moja: shule zilizo juu kwa uhitaji ndizo zilizopata mikataba? Ikaonekana kwamba shule nyingi zilizokuwa na shida kubwa zilikuwa zikirukwa. Jibu hilo halikupatikana kwa siri iliyovuja. Lilipatikana kwa data iliyotolewa na serikali yenyewe, kwa sababu shule iliyo kwenye orodha ya kwanza iliweza kutambulika kwenye orodha ya pili.

Nigeria walikwenda njia nyingine. Taasisi ya PPDC ya Abuja ilijenga jukwaa liitwalo Budeshi, Kihausa kwa maana ya kifungue, na lengo lake lilikuwa kuunganisha data ya bajeti na ya ununuzi kwa kutumia OCDS. Hapo waunganishaji ni raia, wanaoomba nyaraka kwa sheria ya haki ya kupata habari kisha kuziingiza. Nawaheshimu sana. Lakini ni kazi inayolemea, na inadumu kwa kadiri nguvu za wanaoifanya zinavyodumu.

Karibu zaidi na sisi ni Makueni. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitoa agizo la kutaka taasisi zote za umma nchini Kenya zichapishe habari za zabuni na kandarasi kuanzia Julai 1 ya mwaka huo. Kaunti ya Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilikwenda hatua zaidi, na mwaka 2019 ikazindua tovuti yake ya kandarasi iliyojengwa juu ya OCDS. Wao walichagua mradi kuwa kiungo. Chini ya mradi unakuta zabuni, kandarasi, ripoti za ukaguzi, malipo, na ripoti za kamati za wananchi zinazosimamia mradi huo. Uchaguzi huu una hekima, kwa kuwa mwananchi wa Wote au Kibwezi hafikirii kwa kasma. Anafikiri kwa bwawa, zahanati, barabara. Ukimpa kitambulishi cha mradi umempa kitu anachokijua kwa macho.

Tanzania ina vipande vikubwa tayari. Malipo ya serikali hupita katika mfumo wa MUSE. Ununuzi, tangu mwaka 2023, umehamia katika mfumo wa NeST chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo ikaanza kutumika mwaka 2024. Afisa masuuli anatakiwa ahakikishe fedha ipo kabla ya kuanza ununuzi, na mpango wa ununuzi wa mwaka hutakiwa kwenda sambamba na bajeti. Yaani uhusiano kati ya kasma na mkataba unajulikana na mtu fulani ndani ya ofisi, siku zote. Bado matangazo mengi ya zabuni yamekuwa yakianza kwa sentensi ileile, kwamba Serikali imetenga fedha kwa shughuli za taasisi katika mwaka huu wa fedha na sehemu yake italipia mkataba huu. Sehemu ipi? Kasma ingeandikwa hapo kwa tarakimu chache, na gharama yake isingezidi wino. Mifumo kusomana ndani ya serikali ni jambo jema, lakini kunamsaidia afisa. Raia anaanza kusaidika pale kitambulishi kinapotoka nje pamoja na data.

Mzabuni naye ahesabiwe. Kampuni moja huandikwa kwa jina refu huku, kwa kifupisho kule, na kwa tahajia iliyokosewa kwenye taarifa ya malipo. Kompyuta inaona kampuni tatu. Namba ya usajili ya BRELA au namba ya mlipakodi humaliza utata huo, na kwa Kenya namba ya KRA hufanya kazi hiyohiyo. Ukiitoa kampuni bila namba yake, hutajua kama mikataba kumi imekwenda kwa watu kumi au kwa mmoja.

Kuna eneo ambalo OCDS peke yake haifiki vizuri, nalo ni la fedha zinazotumwa moja kwa moja shuleni na zahanati na kutumika kwa utaratibu wa fosi akaunti. Darasa linajengwa na mafundi wa mtaani. Saruji inanunuliwa duka hili, mbao duka lile. Hakuna mkataba mmoja mkubwa wa kubeba kitambulishi. Madarasa mengi nchini yamejengwa hivyo. Katika ununuzi wa namna hiyo kiungo kinachofaa ni mahali penyewe, kama walivyofanya wale wa Ciudad del Este, na namba za kutumia zipo: shule ina namba yake ya Baraza la Mitihani, NECTA, zahanati na kituo cha afya vina namba katika rejista ya vituo ya Wizara ya Afya. Safu moja yenye namba hiyo ikiongezwa kwenye jedwali la fedha zilizotumwa na kwenye jedwali la manunuzi madogo, mwalimu mkuu, kamati ya shule na mkaguzi wa halmashauri watakuwa wanasoma habari za darasa lilelile.